Uvimbe wa Gegedu na Mpaka wa Istilahi

Neno saratani lilitufikia kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni kaa. Wayunani na Warumi nao walikwisha kuuita ugonjwa huo kwa jina la mnyama huyo huyo. Uvimbe ni neno letu la Kibantu, nalo limebebeshwa mzigo mzito: mguu uliojaa maji, jipu lisilotumbuka, na kinachoota ndani ya mfupa, vyote huitwa uvimbe. Katika maradhi ya gegedu upungufu huo hudhuru watu.

Tusidhani kwamba wenye lugha nyingine waliuona mpaka mapema. Mwaka 1930 Phemister, mpasuaji wa Chicago, aliitenga saratani ya gegedu na ile ya mfupa wenyewe. Mwaka 1943 Lichtenstein na Jaffe wa New York wakaeleza alama za kutazamwa kwa hadubini: seli nyingi zenye viini vinene, na nyingine zenye viini viwili. Hata hivyo mpaka haukunyooka. Sura ile ile ya seli ikitoka kidoleni huhesabiwa salama. Ikitoka nyongani hushukiwa. Ndiyo sababu hapana budi picha ya eksirei isomwe pamoja na hadubini, na mgonjwa aulizwe kama huumwa usiku. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likaingiza jina la katikati. Mwaka 2020 likaliwekea jina hilo mifupa ya mikono na miguu tu.

Tuchukue Kharumwa, makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale. Mchimbaji dhahabu anayeumwa paja husema aliumia shimoni, na huenda ni kweli. Akipelekwa Bugando, Mwanza, atarudi na neno moja la kuwaeleza nduguze. Likiwa "uvimbe", huenda asirudi kuangaliwa. Likiwa "saratani", huenda akaanza kugawa ng'ombe zake. Kumbe ule wa kwanza mara nyingi hauhitaji kisu, na wa pili, ambao kwa kawaida hausikii dawa wala mionzi, hutibiwa kwa kisu hasa.

Kwa ule salama napendelea "uvimbe mpole wa gegedu", maana mpole naye, ingawa kwa nadra, hugeuka. Mbaya na ubaki "saratani ya gegedu". Wa katikati tungeuita "uvimbe wa kuchungwa", neno ambalo mfugaji wa Kisukuma hahitaji kufafanuliwa: hukwanguliwa, au hupigwa picha tena na tena kuona kama umesogea.