Kiraka Kilichochelewa: Hoja Kuhusu Usalama wa Mifumo Endeshi

Mjadala wa Windows, macOS na Linux huanza vibaya kila mara, kwa sababu huanza na swali la mfumo upi hauingiwi na virusi. Yote huingiwa. Ya kuuliza ni mawili: programu ngeni ikishaingia inaruhusiwa kufanya nini, na tundu likishagunduliwa kiraka humfikia mtumiaji lini?

Katika la kwanza, historia ina uzito. Unix, iliyoanzia Bell Labs mwaka 1969, ilikuja kutumiwa na watu wengi kwenye kompyuta moja, hivyo ilibidi faili za huyu zisiguswe na yule. Linux na macOS zimefuata mgawanyo huo. Windows XP ya 2001 nayo iliuweza, ila akaunti ya kwanza mtu aliyofungua nyumbani ilikuwa ya msimamizi, na wengi wakaishi humo humo.

Hata hivyo mgawanyo huo una mpaka. Siku moja, katika steshenari, nilitazama flashi ya mteja ikichomekwa na folda zake zote zikageuka shotikati. Hazikuwa zimepotea, zilifichwa, na kila shotikati ilipobofywa ilifungua folda huku ikikipitisha kirusi kwenye mashine. Hakikuhitaji mamlaka ya msimamizi. Flashi zenye muundo wa FAT32 haziandiki faili ni mali ya nani, kwa hiyo hapakuwa na umiliki wa kulindwa.

Swali la pili ndilo ninaloliona zito zaidi. Mwaka 2012 kirusi cha Flashback kiliingia katika Mac zaidi ya 600,000 kupitia tundu la programu ya Java. Oracle, wenye Java, ilikuwa imeliziba tundu hilo mwezi Februari. Watumiaji wa Mac walipata kiraka chao Aprili. Tarehe 12 Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta za hospitali nchini Uingereza na wagonjwa wakarudishwa nyumbani. Kiraka cha Windows 7, iliyoathirika kuliko nyingine, kilikuwa kimetolewa Machi 14. Karibu miezi miwili dawa ilikuwepo na haikunywewa.

Kwetu kiraka hakicheleweshwi na uzembe peke yake. Sasisho hula bando, na mwenye Windows isiyo na leseni huzima masasisho akihofia kugunduliwa. Windows 10 ilikoma kupata viraka vya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za mtumba hazina chipu ya TPM 2.0 ambayo Windows 11 inaidai. Kwa mwenye mashine ya namna hiyo, nashauri Linux bila kusita. Si kwamba haina matundu: tundu la Shellshock, lililogunduliwa 2014, lilikuwa limekaa ndani ya Bash, programu ya kuandikia amri, kwa takriban miaka 25. Ni kwamba kesho likipatikana lingine, kiraka chake kitaifikia mashine ile ile aliyonayo, bila kudaiwa leseni.