Ati zamani wasichana wa Kisii hawakuwa wanatoroka?

Mwezi jana nilikuwa nyumbani upande wa Nyamira, kwa mahari ya binamu yangu. Chai imenywewa, wazee wameshiba, basi mjomba mmoja akasimama kutoa nasaha. Akasema wasichana wa siku hizi wameharibika. Mnakutana Facebook, mnahamia kwa mwanamume na begi moja, njoo tuishi, hata ng'ombe mmoja hajaonekana. Enzi zetu, akasema, msichana alingoja nyumbani kwa babake.

Mimi nikaangalia chini, kwa sababu begi moja ni langu. Miaka minne sasa, Keroka, chumba na sebule. Lakini nikamsikia magokoro nyuma yangu akicheka kidogo, ile ya puani.

Jioni jikoni nikamuuliza anachekea nini. Akaniambia, "Muulize mjomba wako mamake aliolewa vipi." Mamake mjomba ni yeye mwenyewe! Kumbe alitoroka usiku, mwisho wa miaka ya 1950, akapitia mashambani na jamaa wa upande ule mwingine wa mto. Babake alimfuata na ndugu wawili, na maneno yakafika kortini.

Nikarudi Keroka nikaanza kusoma, na marafiki, hii historia yetu tumefichwa. Kuna mwanahistoria Mmarekani anaitwa Brett Shadle ambaye mwaka 2006 alitoa kitabu kizima, "Girl Cases", kuhusu kesi za namna hiyo hapa kwetu enzi za ukoloni. Kitabu kizima! Wasichana waliotoroka, akina baba waliodai, wanaume walioshtakiwa kwa kuchukua binti wa mtu. Kesi kama hizo zilijaa kwa mahakama za wazee, zile zilizoitwa ritongo.

Ilifikaje huko? Anza na ng'ombe. Miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliua mifugo Afrika Mashariki yote. Halafu mwaka 1905 na tena 1908, baada ya Otenyo kumchoma mkuki Northcote, Waingereza walituma askari Gusii, wakaua watu, wakachoma nyumba na kuondoka na maelfu ya ng'ombe. (Moraa, yule mwanamke aliyemchochea Otenyo, anastahili posti yake peke yake. Itakuja.) Ng'ombe wakiisha, mahari inashuka, haina budi. Lakini mifugo ikarudi polepole, vijana wakaenda kibarua, mahindi yakauzwa, na kufikia miaka ya 1940 mahari ilikuwa imepanda hadi kijana wa kawaida hawezi. Mzee mwenye ng'ombe wengi anaweza, hata kama ni mke wa tatu.

Sasa jiweke kwa viatu vya msichana wa miaka 16 wakati huo. Unampenda kijana wa rika lako asiye na kitu. Babako ameshazungumza na mzee. Utafanya nini?

Na usifikirie baba alikuwa na tamaa tu. Kwetu ng'ombe wa dada ndio walimwolea kaka mke. Hao ng'ombe hawakukaa bomani kupendeza, walipita tu kuelekea kwa wakwe wengine. Kwa hivyo ukitoroka, kaka yako anabaki kapera. Ndiyo maana wale ndugu wawili wa magokoro walikimbia usiku ule na marungu. Mmoja wao, aliniambia, hakumsalimia kwa miaka mingi. Hapo ndipo sauti yake ilibadilika, akaanza kuchokorachokora moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Kitu kingine nilichojifunza ni ebitinge. Ndoa ikikamilika kabisa, kwa ile sherehe ya enyangi, mke alifungwa pete za chuma kwa miguu. Akipita njiani kila mtu anaona, anasikia, huyu ana kwake. Wamishonari wa Nyabururu na Nyanchwa walikuja, na wanawake waliobatizwa wakaacha kuzivaa. Leo tukisema enyangi watu wanafikiria kanisa na gauni jeupe, na kwa sababu gauni na keki ni ghali, wengi hatufiki.

Sizililii zile pete. Chuma ni chuma. Lakini zilisema jambo ambalo chumba changu cha Keroka hakisemi. Kutoroka si kipya. Shida ni kwamba mwanamke aliyetoroka, wakati ule na sasa, anaishi kwa neno la mwanamume tu. Mtaalamu mwingine, Thomas Håkansson, aliandika mwaka 1988 jinsi mwanamke wa Gusii asiyelipiwa mahari anavyokosa msimamo kwa shamba. Na nyote mmeona matanga ambapo mke anafariki na watu wake wanakataa azikwe mpaka ng'ombe watoke. Analipiwa akiwa kwa jeneza. Kwani alipokuwa akipika ugali hawakuwa wanamwona?

Sheria ya Ndoa ya 2014 inaruhusu ndoa ya kimila isajiliwe, na inasema hata mahari kidogo ya ishara inatosha kuithibitisha. Kidogo! Kwa hivyo msiniambie ni ng'ombe hawapatikani.

Magokoro alilipiwa baada ya mtoto wa tatu. Dada ya mumewe aliolewa, ng'ombe wake wakaswagwa moja kwa moja hadi kwa babake magokoro. Aliwahesabu akiwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, na mpaka leo anakumbuka rangi ya kila mmoja.

Kabla nilale aliniuliza, "Na huyo wako, tutamwona lini?" Nikamwambia Desemba. Kisha nikatoka nje nikamtumia jamaa meseji kumweleza kwamba amealikwa Desemba. Alijibu, "Tutaongea." Bado tunaongea.