Sauti Iliyofuatwa Ngara

Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982, Wakenya walisikia sauti moja ikitangaza serikali mbili. Asubuhi, sauti hiyo ilisema kwamba serikali ya Rais Daniel arap Moi imepinduliwa. Kabla siku haijaisha, sauti ileile ikasema kwamba Moi bado yuko madarakani na watu watulie. Mwenye sauti hakuwa amebadilisha siasa zake kati ya matangazo hayo mawili. Waliobadilika ni watu waliosimama karibu naye na bunduki.

Mwenye sauti alikuwa Leonard Mambo Mbotela. Alifariki tarehe 7 Februari 2025 akiwa na miaka 84, na karibu kila aliyemwandikia rambirambi alikumbuka mambo mawili: Agosti ile, na kipindi chake cha “Je, Huu ni Ungwana?” kilichoanza 1966 redioni, kikafika hadi kwenye runinga, na kikaishi zaidi ya miaka 50. Mambo haya mawili husimuliwa kana kwamba ni ya watu wawili. Huku kuna mtangazaji aliyetekwa, kule kuna mzee mpole anayetufunza adabu. Mimi naona ni kisa kimoja, na pa kuanzia ni neno lenyewe, ungwana.

Leo ukimwita mtu muungwana unamaanisha mstaarabu, mtu asiyesukuma wenzake kwenye foleni. Lakini katika miji ya pwani ya karne ya 19, yaani Lamu, Mombasa, Unguja, neno hilo lilikuwa na makali. Muungwana alikuwa mtu huru, mzaliwa wa watu huru, mwenye ukoo unaojulikana mjini. Kinyume chake kilikuwa mtumwa. Adabu ilihesabiwa kama vazi la huo uhuru: mtu huru ndiye aliyedhaniwa kujua kusema, kuvaa na kukaa na watu. Ndiyo sababu wapagazi wa misafara iliyotoka Unguja kwenda bara walipenda kujiita waungwana, ingawa wengi wao walikuwa watumwa au walitoka utumwani. Walilichukua jina la mabwana wakalivaa wenyewe. Kule Kongo, Kiswahili chao kikaja kuitwa Kingwana.

Ukoo wa Mbotela ulitoka upande wa pili wa neno hilo. Mwaka 1875 wamisionari wa Kiingereza wa Church Missionary Society walianzisha makazi ya watumwa waliokombolewa, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, wakayaita Freretown. Jina lilitokana na Sir Bartle Frere, mjumbe aliyetumwa Unguja 1873 kumshinikiza Sultani Barghash apige marufuku biashara ya watumwa baharini. Waliopelekwa Freretown wengi walikuwa wametolewa kwenye majahazi na manowari za Waingereza. Kulikuwa na Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo, watu ambao kwao ni mbali na ambao hawangeweza kurudi. Kengele iliyowekwa hapo kuwaonya wakazi kukiwa na hatari imeliachia eneo jina ambalo makanga wa matatu bado wanaliita kila siku: Kengeleni. Majirani waliwaita watu wa Freretown mateka, au Wamisheni. Hakuna aliyewaita waungwana.

James Juma Mbotela, wa ukoo huo, aliandika kisa hicho katika kitabu, Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa 1934. Ni miongoni mwa vitabu vya mapema vya nathari ya Kiswahili vilivyoandikwa na Mwafrika wa sehemu hizi, na kinamshukuru Mwingereza kiasi cha kumfanya msomaji wa leo aone haya kidogo. Lakini kinaeleza wazi jinsi uhuru unavyoweza kumfikia mtu akiwa ameushikiwa na mwingine. Unavuliwa pingu, unapewa jina la ubatizo na shamba dogo, halafu unaambiwa ukae hapa, ufuate kengele.

Sasa hebu fikiria mtoto wa nyumba hiyo, mwaka 1966, akikaa mbele ya maikrofoni ya taifa jipya na kuuliza kila wiki: je, huu ni ungwana? Hata kama aliyeuliza alikuwa akiwaza tabia za mgeni na mwenyeji tu, neno lenyewe lilikuwa limesafiri mbali. Mwana wa waliokataliwa jina hilo ndiye sasa aliyekuwa anaulizia nani anastahili kuitwa hivyo.

Lakini maikrofoni ilikuwa na mwenyewe. Runinga ilianza Kenya Oktoba 1962, mwishomwisho wa ukoloni. Julai 1964 serikali ya Kenyatta ilitaifisha shirika zima, redio na runinga, ikaliita Sauti ya Kenya na kuliweka chini ya wizara. Mbotela aliingia mwaka huohuo. Kwa hivyo kazi yake ya utangazaji haikuanzia katika kituo kilicho huru. Aliianza kama mtumishi wa serikali. Wazee wetu wanaujua mpangilio wa taarifa za miaka ile kama wanavyojua Baba Yetu. Kwanza Rais, alikokwenda na alichosema, kisha mawaziri waliosema alichosema Rais, halafu ajali, mvua na mpira. Hadi 1990 hakukuwa na kituo kingine cha runinga cha kuhamia.

Ndani ya nyumba hiyo Mbotela alipata mlango mdogo. Adabu za kila siku hazikuwa siasa, na hakuna afisa ambaye angekuja juu kwa sababu mtangazaji amekemea jirani mwenye kelele. Kipindi kiliongea na watu kuhusu watu. Swali lake lilikwenda pembeni, kwa jirani, kwa shemeji, kwa abiria mwenzako. Halikupanda juu.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri ukimweka kando ya mtu mwingine wa Mombasa. Mwaka 1968, miaka miwili baada ya “Je, Huu ni Ungwana?” kuanza, kijana Abdilatif Abdalla aliandika karatasi iliyoitwa “Kenya: Twendapi?” Hilo nalo lilikuwa swali, la Kiswahili, fupi vilevile. Lakini lilielekezwa kwa serikali ya Kenyatta, na mwaka 1969 mwandishi wake akafungwa miaka 3. Mashairi aliyoyatunga gerezani yakatoka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Swali moja likaishi nusu karne hewani, lingine likaishia kizuizini. Kenya ilikuwa na Sauti mbili, na kila mtangazaji wa Sauti ya Kenya alijua ile nyingine inalipiwa bei gani.

Turudi 1982. Mwezi Juni, Bunge lilikuwa limebadilisha katiba na kuifanya KANU chama pekee. Wahadhiri na wanasiasa walikuwa wanakamatwa. Mmoja wao, Alamin Mazrui, alikuwa mtunzi wa tamthilia ya Kilio cha Haki. Agosti mosi, wanajeshi wa anga wakajaribu kuipindua serikali. Mbotela alisimulia asubuhi hiyo mara nyingi uzeeni, na kiini cha masimulizi hakikubadilika: wanajeshi walifika kwake Ngara kabla ya mapambazuko, Hezekiah Ochuka mwenyewe akiwa miongoni mwao, wakamchukua hadi kituoni akasome tangazo lao. Baadaye wanajeshi watiifu kwa Moi, wakiongozwa na Meja Jenerali Mahmoud Mohamed, walikikomboa kituo, na Mbotela akasoma tangazo lingine. Ochuka alikimbilia Tanzania, akarudishwa, akanyongwa 1987.

Rika langu hupenda kuuliza, si angekataa? Ni swali rahisi kulitupa ukiwa umekaa na simu mkononi. Angekataa, angeuawa au kupigwa, na karatasi ingesomwa na mwingine. Swali ambalo linanishughulisha zaidi ni kwa nini walimwendea. Ochuka alikuwa tayari na kituo. Alikuwa na mitambo, bunduki, na mdomo wake mwenyewe. Bado ilibidi gari liende Ngara gizani kumtafuta mtu mmoja. Yaani walijua kwamba kushika jengo hakutoshi. Mwananchi aliyeamka akasikia sauti asiyoijua angejiuliza huyu ni nani. Akisikia sauti ya Mambo, angeamini.

Na imani hiyo haikutokana na taarifa za Rais alikwenda wapi. Taarifa hizo zingeweza kusomwa na yeyote. Ilijengwa na kutangaza mpira, na ilijengwa na kipindi cha adabu, wiki baada ya wiki, kwa miaka 16. Mlango ule mdogo ndio uliompa Mbotela kitu ambacho serikali haikumpa na haingeweza kujitengenezea. Na kwa kuwa kilikuwa na thamani, pande zote mbili zilikuja kukichukua kwa nguvu siku moja. Hapo ndipo ungwana wa adabu ulipokosa ungwana wa uhuru. Mtu aliweza kuwa mstaarabu kuliko wote nchini, na bado sauti yake isiwe yake.

Tangu hapo mambo yamebadilika, lakini sivyo tunavyopenda kujisifu. Mwaka 1990 KTN ilianza, kituo cha kwanza cha runinga cha binafsi, na Catherine Kasavuli akawa sura ya habari mpya za moja kwa moja. Tarehe 2 Machi 2006, polisi waliofunika nyuso walivamia KTN na gazeti la Standard, wakachoma nakala za gazeti na kuizima KTN kwa saa kadhaa. John Michuki, waziri wa usalama wa ndani, alisema kwamba anayemchokoza nyoka asishangae akiumwa. Desemba 2007, matokeo ya urais yalipotangazwa na nchi kuanza kuwaka, matangazo ya moja kwa moja yakapigwa marufuku. Tarehe 30 Januari 2018, Raila Odinga alipokula kiapo Uhuru Park, NTV, KTN na Citizen zilizimwa. Na tarehe 25 Juni 2025, miezi minne tu baada ya Mbotela kufa, Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru vituo viache kuonyesha maandamano moja kwa moja, mitambo ikazimwa, hadi Mahakama Kuu iliposimamisha amri hiyo siku ileile.

Ukizipanga tarehe hizi utaona kitu. Mwaka 1982 mwenye bunduki alihitaji sauti. Mwaka 2018 na 2025 mwenye mamlaka alihitaji kimya tu. Siku hizi hakuna anayetumwa Ngara alfajiri. Vituo ni vingi, kila kijana barabarani ana kamera mfukoni, na huwezi kuwachukua wote vitandani mwao uwape karatasi ya kusoma. Hayo ni maendeleo, na yalilipiwa.

Lakini kuna kitu tumekipoteza pia. Tuna sauti maelfu na hakuna hata moja ambayo kila mtu angeiamini asubuhi kama ile. Video ya mwaka juzi inasambazwa kama ya leo, picha iliyotengenezwa na kompyuta inapita kama ushahidi, na mwenye kuuliza chanzo anaitwa msaliti. Serikali ikituzima, tunalalamika kwamba ukweli umefichwa, na ni kweli. Ila swichi ikirudishwa, ni wangapi kati yetu wamefanya kazi ya pole pole ya kuaminika, wiki baada ya wiki, bila mtu kuwapigia makofi?

Mbotela alikuwa na nusu ya ungwana, ile ya adabu, na aliitunza vizuri hadi ikawa mali ya taifa. Abdilatif alishika nusu ya pili, ile ya kuwauliza wakubwa, akailipia gerezani. Mwanahabari wa leo anazihitaji zote mbili. Swali la Mbotela bado linatufaa sisi tunaotuma bila kuhakikisha, na linamfaa vilevile aliyeshika swichi. Huyo hajawahi kuulizwa vya kutosha.