Ukitaka Kutengeneza Treni ya Kompyuta, Uchague Programu Gani?

Michezo ya kuendesha treni kwenye kompyuta ina wapenzi wake hapa petu pwani. Kijana huketi akaendesha treni ya Uingereza, Ujerumani au Marekani, kisha siku moja hujiuliza: na yetu je? Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika ziwani, Kisumu ya leo, mwaka 1901. Vichwa vya moshi vilivyopita Makupa na Mazeras wazee wetu wanavikumbuka kwa mlio. Wazee hao wanaondoka, na anayetaka kumwonyesha mjukuu treni ile itambidi aichonge mwenyewe.

Uzuri ni kuwa sehemu kubwa ya treni na stesheni zilizomo katika michezo hii zimetengenezwa na wapenzi wa reli nyumbani kwao, si na kampuni. Swali ninaloletewa na vijana ni moja: nitumie programu gani? Nami huwajibu kwa swali: unautengenezea mchezo upi?

Anza na mchezo

Kila mchezo una aina yake ya faili. Ukichonga umbo zuri katika programu isiyoweza kutoa faili hiyo, kazi yako itabaki picha tu.

Open Rails ni ya bure, nayo husoma vitu vilivyotengenezewa Microsoft Train Simulator ya mwaka 2001. Inataka maumbo ya faili za S, na picha za ACE au DDS. Trainz, mchezo uliozaliwa Australia, ni wa kununua. Tangu toleo la 2019 unapokea faili za FBX, ambazo programu nyingi za kuchonga huzitoa. OpenBVE nayo ni ya bure, na umbo lake laweza kuandikwa kama maandishi matupu, nukta kwa nukta, hata kwa Notepad. Train Sim World imejengwa juu ya Unreal Engine. Ni nzuri kuitazama, lakini inataka kompyuta yenye nguvu na si mahali pa mwanafunzi kuanzia.

Kwa asiye na pesa za kuchezea, mimi ningeanza na Open Rails.

Programu ya kuchongea umbo

Hapa ushauri wangu ni Blender. Ilizaliwa Uholanzi, na mwaka 2002 wapenzi wake walichanga euro 100,000 ili iachiwe huru kwa watu wote. Tangu hapo ni ya bure, pamoja na haki ya kuuza unachokitengeneza nayo. Inatoa FBX kwa ajili ya Trainz, na ipo programu-jalizi ya bure inayoiwezesha kutoa faili za S kwa Open Rails. Ugumu wake ni mwanzoni: vitufe ni vingi na macho hupotea. Jipe wiki kadhaa kabla ya kukata tamaa.

3ds Max ni hodari na imetumika sana katika kazi hii, lakini hulipiwa kila mwezi au mwaka kwa bei isiyo ya mtu wa kawaida. Ile ya bure wanayopewa wanafunzi si ya kazi ya biashara. SketchUp ni nyepesi kujifunza, na kwa majengo kama stesheni na maghala inafaa. Lakini ile ya bure ya kwenye intaneti hairuhusiwi kwa biashara, na aina za faili inazotoa ni chache. Huko mbele utakwama.

Programu ya picha

Umbo likishachongwa huwa kama kanzu isiyotiwa rangi wala darizi. Hulivika picha, ambayo mimi huiita ngozi. Kwa hili GIMP inatosha. Ni ya bure, na matoleo yake ya sasa hutoa DDS bila nyongeza yoyote. Fanya picha zako ziwe na upana na urefu wa 512, 1024 au 2048, maana kadi za grafiki hupendelea vipimo hivyo.

Maandishi, namba na nembo zichoreni kwa Inkscape, nayo ya bure. Herufi zake hazivunjiki ukizikuza. Ukimaliza, itoe picha kama PNG uipeleke GIMP. Photoshop hufanya kazi hizi vizuri, lakini ada yake ni ya kila mwezi, na ukiacha kulipa huifungui.

Programu za wizi

Najua zipo zinazozungushwa kwenye flashi, zimevunjwa kufuli, na muuzaji akuambia ni ile ile. Kwanza, si halali. Ni mali ya mtu. Pili, aliyevunja kufuli aweza kuwa ametia virusi ndani, na kazi ya miezi sita ikapotea usiku mmoja. Tatu, siku mnunuzi akikuuliza umetengeneza kwa leseni gani, utamjibu nini? Iwapo Blender na GIMP ziko bure, sioni sababu ya kujichafua.

Kompyuta yako

Matoleo mapya ya Blender yanataka kadi ya grafiki yenye OpenGL 4.3. Kama laptopu yako ni kuukuu, tovuti ya Blender imeweka matoleo ya zamani, nayo ni bure vilevile. Kabla ya kupakua hakikisha programu-jalizi unayoihitaji inafanya kazi na toleo hilo, usije ukapoteza bando bure.

Pa kuanzia

Wengi hutaka kuanza na Garratt za daraja la 59, zilizoundwa Manchester miaka ya 1950. Zilikuwa 34, zilipakwa rangi ya damu ya mzee na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Mount Gelai, namba 5918, ipo katika jumba la makumbusho ya reli Nairobi, unaweza kwenda kuipiga picha. Lakini mwili wake una vipande vitatu vinavyopinda kwenye kona, na fito za magurudumu zinazotembea. Kwa mwanafunzi ni mzigo mzito.

Anza na behewa la mizigo lililofunikwa: sanduku, magurudumu na milango miwili. Weka vipimo vya Blender kwa mita. Kumbuka reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000, ilhali ya SGR ni 1,435. Njia nyingi za michezo ni za upana huo wa pili, kwa hivyo tafuta mapema njia inayolingana na treni yako. Chonga pia umbo la pili jepesi, lenye pembetatu chache, ambalo mchezo utalionyesha behewa likiwa mbali. Bila hilo, treni ya mabehewa 20 itailemea kompyuta ya mwenzako.

Mwisho, hifadhi faili zako za asili, BLEND na XCF, mahali pawili. Faili ya mchezo ni mkate uliookwa. Ile ya asili ndiyo unga. Michezo hubadilika, na mwenye unga ataoka tena.