Barabara ya Mashariki: Mahujaji wa Namugongo na Mahali pa Kulala

Kila mwaka, kuanzia katikati ya mwezi wa Mei, barabara kuu ziendazo Kampala hujaa watu waendao kwa miguu kwa makundi, rozari shingoni na madumu ya maji mkononi. Waganda huwaita abalamazi, kutokana na kitenzi okulamaga, ambacho Waislamu wa Buganda hukitumia pia kwa safari ya Makka. Sisi husema mahujaji. Wanaelekea Namugongo, wapate kufika kabla ya tarehe 3 Juni, Siku ya Mashahidi wa Uganda. Atokaye Mbarara ana kilomita zipatazo 270 mbele yake. Atokaye Tororo, zaidi ya 200. Na wapo Wakenya wanaoanza safari Nakuru, zaidi ya kilomita 400.

Kisa cha Mashahidi chajulikana, nasi hatutakirudia chote. Linalotushughulisha katika makala haya ni swali ambalo wanahistoria hulipita haraka: msafiri wa miguu alilala wapi, na aliombaje mahali pa kulala?

Tuanze na misafara ya karne ya 19. Kiswahili kiliingia Buganda kwa miguu, kutoka Bagamoyo na Tabora, kikipita upande wa kusini na magharibi mwa Ziwa. Misafara ililala kambini, ndani ya boma la miiba, na kabla ya kulala ililipa hongo kwa mtawala wa nchi. Hongo wakati huo ilikuwa ada ya njia, ingawa leo neno hilo limeharibika maana. Posho nayo ilikuwa chakula cha mpagazi alichopimiwa. Watu wa Uganda walilipokea neno hilo wakalifanya kuwa jina la ugali wenyewe, na mwanafunzi wetu akienda Dar es Salaam hushangaa kusikia kwamba wabunge wanalipwa posho.

Njia ya mashariki, ipitayo Busoga, ilikuwa habari nyingine. Buganda iliiogopa, kwani iliaminika kwamba watakaoiteka nchi watatokea upande huo. Askofu James Hannington alichagua njia hiyohiyo. Alitoka Rabai Julai 1885, akafika Kwa Sundu, ambako leo ni Mumias, akamwacha hapo Mchungaji William Jones pamoja na wapagazi wengi, na kuendelea na watu wapatao 50. Tarehe 21 Oktoba akakamatwa katika nchi ya chifu Luba. Malazi yake ya mwisho yalikuwa kifungo cha siku nane, huku akiugua homa na kuandika shajara yake. Tarehe 29 aliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga, na wapagazi wake karibu wote waliuawa pia. Askofu amejengewa kumbukumbu. Wapagazi wale, ambao Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha yao ya safari, hawatajwi sana, nasi tunaona si haki.

Kifo hicho kilizaa vingine. Joseph Mukasa Balikuddembe alimlaumu Kabaka kwa kumuua mgeni, naye akauawa tarehe 15 Novemba 1885. Mwezi wa Mei 1886 vijana wa ikulu walihukumiwa Munyonyo, wakaendeshwa kwa miguu hadi Namugongo. Wengine waliuawa njiani. Waliofika walikaa kifungoni yapata wiki moja wakati kuni zikikusanywa, na tarehe 3 Juni wakachomwa moto, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Hata hao hawakuwa wa kwanza, maana miaka kumi hivi kabla yake Kabaka Mutesa aliwaua Waislamu mahali hapohapo.

Leo Mkenya avukaye Malaba hupita Bugiri, Iganga na Jinja, yaani Busoga ileile. Makundi yaliyojipanga hutanguliza habari parokiani. Madawati ya shule husogezwa, mikeka hutandikwa, wanawake hulala ndani na wanaume barazani, na Wakristo wa mahali huleta posho na maharage, na maji ya moto yenye chumvi ya kukandia miguu. Wasiotanguliza habari hubisha hodi nyumba kwa nyumba, au hulala kwenye baraza za maduka. Na Namugongo penyewe maelfu hulala uwanjani, mvua ikinyesha.

Mgeni huyo huomba kwa Kiswahili, na hapa sisi walimu tuna la kutazama. Katika Buganda na majirani zake lugha hii ilibandikwa sifa mbaya ya kuwa lugha ya askari na ya wezi, na amri ya Idi Amin ya mwaka 1973 ya kuifanya lugha ya taifa haikuisafisha. Watu wanasahau kwamba wasomaji wa kwanza wa Kikristo wa Buganda walifundishwa kwanza kwa vitabu vya Kiswahili, na kwamba vijana watatu waliouawa Busega tarehe 31 Januari 1885 wanasimuliwa kuwa walikufa wakiimba wimbo wa Kiswahili. Katika juma la mwisho la Mei lugha iliyokataliwa na wazazi wengi darasani husikika jikoni kwao, ikiomba mkeka, nayo hujibiwa. Hujibiwa kwa Kisoga kilichochanganyika, kwa ishara, mara nyingi kwa neno moja tu, karibu, lakini hujibiwa.

Mwaka 2020 ugonjwa wa Uviko-19 ulizuia hija hiyo. Mwaka 2022 mahujaji walirudi barabarani kwa wingi. Wanafunzi wanaotuuliza mada ya utafiti watakuwa wamefanya vyema kuchukua daftari wiki hiyo na kukaa parokiani jioni mbili tatu, wakiandika maneno ya mgeni na ya mwenyeji kama yalivyosemwa, bila kuyasahihisha. Nauli ya kwenda Iganga si kubwa, na mahali pa kulala hawatakosa.