Jecoke, wachekeshaji wa Kenya

Ukimwambia mtu wa Nairobi kwamba mpiga gita Edouard Masengo alianzia Kenya, hatabisha. Atakubali kwa furaha, na kumbe kila mmoja wenu anasema Kenya yake. Ya kwetu ni komini, yaani mtaa wa kiutawala, ya mji wa Lubumbashi nchini Kongo, jirani ya Kamalondo na Katuba, mahali penye soko, vumbi jekundu na kelele tangu asubuhi. Huko ndiko lilikotoka kundi lililombeba Masengo katika miaka ya 1950, wakati mji ungali ukiitwa Elisabethville.

Jina lao lilikuwa Jecoke, vipande vya maneno ya Kifaransa vilivyoshonwa pamoja: Jeunes Comiques de la Kenya. Vijana wachekeshaji wa Kenya. Wapo wanaoandika kwamba K hiyo ni ya Katanga, jimbo letu la wakati ule, na ninaelewa kwa nini, maana jimbo ni kubwa na komini ni ndogo. Lakini jina lenyewe linajitetea: ingekuwa Katanga, wangeitwa Jecoka. Vijana hawa hawakujipa jimbo zima. Walijipa mtaa wao.

Neno linalonishughulisha zaidi ni lile la katikati. Tunapowakumbuka leo tunawaita wanamuziki, na tukitaka kuwapa heshima zaidi tunawaita waasisi wa gita la Katanga. Wao wenyewe, walipotafuta jina, hawakutaja muziki wala gita. Walisema: sisi ni wachekeshaji. Wimbo ulikuwa ndani ya mchezo, pamoja na dansi, kuigiza na kuruka sarakasi. Anayewasoma kwa upande wa gita peke yake anafungua nyumba yao kwa dirisha.

Vijana hao walitoka wapi? Tangu mwisho wa miaka ya 1920, kampuni ya madini ya Union Minière ilikuwa imeacha desturi ya kuchukua wanaume kwa miezi michache na kuwarudisha kwao. Iliwapa mikataba mirefu, ikaruhusu wake zao waje, kwa sababu mfanyakazi mwenye nyumba hatoroki upesi. Haukuwa wema, ilikuwa hesabu. Lakini hesabu hiyo ilizaa watoto, na kufikia miaka ya 1950 watoto hao walikuwa vijana wa mjini kabisa, wa kambi na wa komini, ambao kijiji cha baba zao walikijua kwa kusimuliwa au kwa ziara ya likizo. Walikuwa wadogo mwaka 1941, mwezi wa 12, askari walipowapiga risasi wafanyakazi waliogoma, waliokusanyika katika uwanja wa mpira. Sisemi kwamba kila kichekesho cha Jecoke kilikuwa siasa iliyovaa kofia. Hayo ni mazoea yetu ya kutafuta upinzani hata penye mzaha mtupu. Nasema tu kwamba katika mji ule, mtu mweusi aliyesimama mbele ya umati na kuwafanya watu wote wacheke kwa pamoja alikuwa ameshika kitu.

Alikishika kwa Kiswahili. Kenya ilikuwa na Waluba, Wabemba, Wasanga, Wayeke, Walunda, watu wa Kasai, watu wa Rwanda na wa kusini mwa mpaka. Wimbo wa kilio unaweza kuimbwa kwa lugha ya ukoo mmoja na wengine wakasikiliza kwa adabu. Mzaha hauna subira hiyo. Lazima ua mzima uelewe kwa sekunde ileile, la sivyo mzaha umekufa mdomoni. Kiswahili chetu cha Lubumbashi, ambacho watu wa pwani hukisikia wakatikisa kichwa, ndicho kilichokuwa mali ya wote kwa sababu kila mmoja alikikopa.

Juu ya lugha hiyo likakaa gita kavu, lisilo na umeme. Mtindo wa Katanga hutumia vidole viwili tu vya mkono wa kulia: gumba linatembea na sauti nzito za chini, cha shahada kinasokota wimbo juu. Ukisikia bila kuona, unaapa kwamba wapo wapigaji wawili. Bingwa wake alikuwa Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya, mji wa mfalme Msiri. Bosco alijiita Mwenda wa Bayeke. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki kutoka Afrika Kusini, alimkuta Jadotville, Likasi ya leo, akamrekodi wimbo wa "Masanga". Miaka kumi haikupita kabla mtaalamu mmoja, David Rycroft, hajaanza kuyaandika mapigo yake kwa noti, pigo kwa pigo. Bosco alikuwa mtu wa gita na yeye peke yake. Masengo alikuwa mtu wa gita na wenzake, na ukisikiliza sahani za muziki zilizotoka kwa jina lake na la Jecoke unazisikia zile sauti za kuitikia nyuma, zinaingia kama watu waliokuwa wanasubiri mlangoni.

Sahani hizo, zilizochapwa na kampuni ya Gallotone ya Johannesburg, ndizo zilizowafanya wajulikane, na hizohizo ndizo zilizowapunguza. Sahani ya wakati ule, ya mizunguko 78 kwa dakika, ilibeba kama dakika tatu kila upande. Kipaza sauti kilichukua mkono na koo. Miguu hakikuichukua, wala uso uliokunjwa, wala yule aliyeanguka kwa makusudi, wala kicheko cha watu. Mtu wa Nairobi, Kampala au Lusaka aliyenunua sahani ya Jecoke alinunua muziki mtamu sana, akadhani ndio wote.

Ndipo ikaja safari ya Kenya hadi Kenya. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Peter Colmore, mfanyabiashara wa burudani na matangazo jijini Nairobi, alimleta Masengo huko, na Bosco naye akafika. Waliimba na walitangaza bidhaa. Sauti ya Bosco ilisifu dawa ya Aspro. Wengine huona haya kulitaja hili. Mimi sioni sababu. Mchekeshaji anajua kuuza kitu kwa wimbo, na matangazo hayo yalizunguka na muziki wao hadi vijijini, ambako vijana wa Kenya ya magharibi waliketi na magita yao wakijaribu kufuata vidole viwili vya Katanga. Kundi la komini lilibaki Lubumbashi. Jina la mtu mmoja lilisafiri.

Yaliyofuata yanasemwa haraka. Katanga ilijitenga mwaka 1960, ikarudishwa mwaka 1963. Magita ya umeme ya mji mkuu, Léopoldville, ya bendi za African Jazz na OK Jazz, yalifunika nchi nzima, na Kilingala kikawa lugha ya dansi hata kwetu. Mwaka 1979 Mwingereza John Low alikuja kuwatafuta wapiga gita wa zamani, akaandika kitabu cha safari yake, Shaba Diary. Alikuja kujifunza vidole, akajifunza. Bosco alifariki katika ajali ya gari mwaka 1990. Masengo alifariki mwaka 2003.

Lakini mchezo haukuisha nao. Mwaka 2011 kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji ilitoa rekodi za karindula zilizonaswa hapahapa Lubumbashi. Karindula ni ndugu mnene wa banjo: pipa la mafuta lililowambwa ngozi ya mbuzi, mti mrefu, nyuzi nne. Yamo makundi manne, BBK, Bena Simba, Bena Ngoma na Bana Lupemba. Pamoja na sahani ya sauti walitia na ya picha. Ninayo, na nimeitazama mara nyingi kuliko nilivyoisikiliza. Wanacheza barabarani, watoto wamewazunguka, na safari hii kamera inashuka hadi kwenye miguu.