Rufiji Ilikuwa na Wenyewe

Makala nyingi juu ya Bwawa la Julius Nyerere huanza na Stiegler, Mzungu anayesimuliwa kuuawa na tembo mwaka 1907 kwenye korongo la Mto Rufiji lilipo bwawa hilo, kisha huruka hadi mitambo 9 na megawati 2,115. Hapo katikati bonde zima huachwa tupu, utadhani Warufiji wamehamia juzi. Jambo hili linaniudhi.

Maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu yalipita korongo hilo na kutanda bondeni karne nyingi kabla ya Stiegler kuzaliwa. Mrufiji alipanda mpunga mvua zikianza, ili mche uwe umepata kimo mto utakapofurika. Maji yakishuka, alipanda mahindi, kunde na pamba kwenye tope lenye unyevu. Hicho ndicho kilimo cha mlau, kisichongoja mvua nyingine. Msimu wa mafuriko familia ilihamia kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu, ngazi ya miti ubavuni na mtumbwi umefungwa chini. Maji yalipita chini ya sakafu watu wakipika. Mpunga ukianza kukomaa, watoto waliamkia kazi ya kufukuza ndege hukohuko juu.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoandika kwamba mafuriko yalikuwa adui wa Rufiji, na kwamba bwawa limekuja kuwaokoa watu. Kilichowaumiza ni furiko la kuwahi, mche ungali mchanga, au lililopita kiasi. Mto usipofurika kabisa, njaa ilibisha hodi vilevile, kwa kuwa mlau haukuwa na pa kupandwa na maziwa ya bondeni yalikosa samaki wapya.

Baada ya mafuriko makubwa ya 1968, Operesheni Rufiji ya serikali iliwapandisha watu kwenye maeneo ya mwinuko. Mashamba yakabaki mbali, nguruwe wakayafaidi.

Yaliyofuata yanajulikana: RUBADA, mamlaka ya kuendeleza bonde la Rufiji, mwaka 1975, mkataba wa ujenzi wa bwawa na Wamisri Desemba 2018, maji kuanza kujazwa Desemba 2022, mtambo wa kwanza 2024. Umeme nchi iliuhitaji, nami naufurahia. Lakini Aprili 2024, mashamba ya Rufiji na Kibiti yalipozama, watu walibishana kama chanzo ni kufunguliwa kwa milango ya bwawa. Sasa kiasi na wakati wa maji hupangwa korongoni, na mkulima wa mlau anastahili kiti kwenye meza ya mipango hiyo, kwa sababu kalenda ya mto huu anaijua kwa jembe.